Kafuro: Mji wa Wageni Pembeni mwa Kikale cha Karagwe na Njia ya Kwanza ya Kiswahili Magharibi mwa Ziwa

Ikisiri

Historia ya makazi yaliyopangwa Afrika Mashariki huelezwa kwa kawaida kuanzia ramani za watawala wa kikoloni. Makala haya yanachunguza makazi ya zamani zaidi: Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani kilichokuwa pembeni mwa kikale cha Bweranyange katika ufalme wa Karagwe, katika karne ya 19. Hoja inayojengwa ni kwamba Kafuro kilikuwa kitongoji kilichowekwa kwa nia ya kisiasa, na kwamba Kiswahili kilichosikika humo kilibebwa zaidi na watumwa, wapagazi na masuria kuliko na matajiri wachache ambao majina yao ndiyo yaliyoandikwa. Majina ya mahali katika vitabu vya wasafiri yanachambuliwa kama ushahidi wa lugha hiyo.

Mpango bila ramani

Neno mpango likitajwa katika historia ya miji ya nchi hizi, fikra za msomaji huelekea mara moja kwenye uzunguni, uhindini na uswahilini za Dar es Salaam, au kwenye ripoti ya Lanchester ya 1923 kuhusu mji wa Zanzibar, au kwenye uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma. Katika mifano yote hiyo kuna karatasi: ramani, sheria, kamati, mhandisi. Pasipo na karatasi, wanahistoria wa miji wamezoea kusema kwamba makazi yalijiotea. Mazoea hayo yana hasara yake. Yanamnyima mtawala wa Kiafrika wa kabla ya ukoloni uwezo wa kuamua nani akae wapi, ilhali uamuzi huo ulikuwa miongoni mwa kazi kuu za utawala wake.

Ufalme wa Karagwe ulienea katika nchi ya vilima ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe rasmi mwaka 2012; kwa hiyo mpaka unaozigawa hauna maana yoyote katika matukio yanayosimuliwa hapa. Mpaka wenye maana ulikuwa mto Kagera, ambao ng'ambo yake walikuwapo majirani wakubwa, Rwanda na Nkore. Watawala wa Karagwe walikuwa wa ukoo wa Wahinda, na cheo chao kilikuwa Omukama. Katika karne ya 19 makao yao yalikuwa Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa dogo ambalo John Hanning Speke, kwa kukumbuka kwao, aliliita Windermere Ndogo. Israel Katoke, ambaye kitabu chake cha 1975 kuhusu ufalme huu bado ndicho msingi wa utafiti wowote, anaueleza utawala uliotegemea ng'ombe, jembe na chuma kwa pamoja, na ambao ulijua vyema kwamba ulikuwa mdogo kuliko jirani zake.

Udogo huo ndio ufunguo wa Kafuro. Buganda iliweza kumwita mgeni, kumshika na kumnyima ruhusa ya kuondoka. Rwanda iliweza kumfungia mlango kabisa, na ilifanya hivyo. Karagwe haikuwa na nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo kwa muda mrefu, lakini ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikapanda kaskazini kupitia Uzinza na Usui, ikaingia Karagwe, na kutoka hapo ikavuka kuelekea Buganda. Aliyetaka kufika kwa Kabaka kwa nchi kavu kutoka kusini alipita mlangoni mwa Omukama. Snay bin Amir, Mwarabu wa Unyanyembe aliyempa Richard Burton sehemu kubwa ya habari zake kuhusu nchi za kaskazini, alikuwa amefika Buganda mwaka 1852 kwa njia hiyo hiyo.

Mwenye mlango ana maamuzi mawili magumu. La kwanza ni kiasi cha kutoza. Mtawala wa Usui, Suwarora, aliamua kutoza kwa wingi, na kurasa za Speke za mwaka 1861 zimejaa malalamiko ya hongo aliyodaiwa huko. Rumanyika, Omukama wa Karagwe tangu katikati ya miaka ya 1850, aliamua kinyume: msafara ulipovuka mpaka wake ulipewa chakula na haukudaiwa hongo. Speke aliuona uamuzi huo kama wema wa moyo. Pengine alikuwa mwema kweli, lakini mtu mwenye njia ambaye anaogopa njia hiyo isihamie kwa mwingine ana kila sababu ya kuwa mkarimu.

Uamuzi wa pili ni mahali pa kumweka mgeni. Hapa Speke, bila kukusudia, ametuachia ushahidi mzuri kuliko wote. Alipokuwa akikaribia, Novemba 1861, Rumanyika alitaka kujua kama angependa kukaa ndani ya uzio wa kikale, nje yake, au katika kituo cha Waarabu, ambacho Speke anakiandika Kufro. Swali hilo moja linaonyesha kwamba katika fikra za Omukama nchi yake ilikuwa na madaraja ya ukaribu yaliyofahamika. Ndani palikuwa pa watu wa nyumbani, nje pa wageni wa heshima, na Kafuro pa wafanyabiashara. Mgeni aliulizwa kwa adabu, lakini orodha ya majibu ilikuwa imeshaandaliwa na mwenyeji.

Bondeni

Kafuro ilikuwa bondeni. Henry Morton Stanley, aliyekaa huko mwanzoni mwa 1876, anasema kituo kilikuwa katika bonde pana lenye kina, takriban futi 1,200 chini ya vilele vya milima iliyolizunguka, kwenye chanzo cha kijito kinachotiririka mashariki na kisha kaskazini hadi mto Kagera. Maji yalikuwapo, upepo ulizuiwa, na ng'ombe walikuwa na malisho. Hizo ni sababu ambazo mfanyabiashara yeyote angezitoa kwa kukaa hapo. Sababu ya Omukama inaonekana mtu akitazama kutoka upande wa pili: waliokaa juu waliwaona waliokaa chini, na mgeni wa Kafuro hakufika Bweranyange bila kupanda mlima mchana kweupe. Umbali ulitosha kuzuia bunduki zisilale karibu na kitanda cha mfalme, wala haukuwa mkubwa kiasi cha mfalme kupoteza habari za wageni wake.

Mpangilio wa aina hii haukuwa wa Karagwe peke yake. Katika Buganda, wafanyabiashara Waislamu walikuja kuwa na mtaa wao huko Natete, nje kidogo ya makao ya Kabaka. Unyanyembe nako makazi ya Waarabu yalisimama kando ya kwikuru, yaani makao ya mtemi. Lakini mfano wa Unyanyembe unaonyesha pia jinsi mpango unavyoweza kumgeuka aliyeuweka. Mnamo 1860 Waarabu wa huko walimwondoa mtemi Mnywa Sere, ambaye alitaka kuwatoza ushuru, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Vita vilivyofuata viliwaua wengi, akiwamo huyo huyo Snay bin Amir. Rumanyika alizijua habari hizo; wageni wake walitoka moja kwa moja katika mji ambamo wageni walikuwa wamejifunza kuchagua mtawala.

Yeye mwenyewe hakuwa amesalimika na jambo hilo. Baba yake, Ndagara, alipofariki, ndugu aliyeitwa Rogero alikidai kiti, na ushindi wa Rumanyika ulitokana kwa sehemu na msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa asili ya Surat aliyekuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakongwe wa Unyanyembe. Deni la namna hiyo halilipwi likaisha. Ndiyo maana ni vigumu kuisoma Kafuro kama gereza la wageni tu au kama zawadi kwa wageni tu. Mfalme aliyewekwa kwa msaada wa bunduki za watu wa pwani aliwaweka watu wa pwani pale alipoweza kuwaona. Pande zote mbili zilikuwa na hofu, na makazi yale yalikuwa sura ya maelewano yao. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 maelewano hayo yalidumu, jambo ambalo Unyanyembe haikulipata.

Nani waliishi Kafuro?

Kwa Stanley, jibu la swali hili ni majina matatu: Hamed Ibrahim, Sayid bin Sayf, na Sayid wa Maskati. Juu ya huyo wa kwanza anaandika kirefu. Hamed alikuwa na nyumba kubwa yenye paa la mgongo, nyumba ya pembe nne kama za pwani, katika nchi ambayo nyumba zake zilikuwa za msonge. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe alikuwa na ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100, na pembe za ndovu 450, ambazo nyingi aliziweka kwa rafiki yake, mtemi wa Urangwa huko Unyamwezi. Alikuwa na masuria kadhaa na watoto wanne. Alikuwa amejaribu mara kadhaa kufungua biashara na Rwanda na kushindwa kila mara.

Orodha hii husomwa kama kipimo cha utajiri, na huo ndio usomaji aliotaka Hamed. Inafaa isomwe tena kama sensa. Watu wazima watatu wenye majina wanasimama mbele. Nyuma ya mmoja wao tu wapo watu 100 wasio na jina, wanawake wasio na idadi, na watoto wanne. Hata kama Hamed aliongeza chumvi, na matajiri wa njia ile hawakuwa wachoyo wa chumvi mbele ya wageni, uwiano unabaki wazi. Kafuro ilikuwa mji wa watumwa na wapagazi uliokuwa na Waarabu wachache ndani yake. Kuiita kituo cha Waarabu, kama vitabu vyote vifanyavyo, ni kuuita mji kwa jina la wenye pembe za ndovu.

Watu hao walifanya nini? Kazi zenyewe zinaweza kukisiwa kutokana na mali iliyoorodheshwa. Ng'ombe 150 wanahitaji wachungaji na wakamuaji, na katika Karagwe, ambako ng'ombe alikuwa na miiko yake, mchungaji mgeni alilazimika kujifunza kutoka kwa wenyeji. Watu 100 wanahitaji mashamba. Nyumba za pembe nne zinahitaji mafundi na nguzo ndefu. Bidhaa zinazongojea msafara, yaani nguo, ushanga, kauri na masango ya shaba, zinahitaji walinzi na wahesabuji. Kati ya safari moja na nyingine kulikuwa na miezi ya kusubiri, na miezi hiyo ndiyo iliyokuwa maisha ya mji. Wafanyabiashara walipimwa kwa safari zao, lakini watu wao walipimwa kwa kukaa.

Hamed mwenyewe ni mfano wa jinsi kumbukumbu za kituo hiki zinavyoteleza. Stanley anasema mtu huyu alikuwa ameishi Afrika miaka 18, 12 kati yake akiwa Karagwe, na katika ukurasa huo huo anasema alimfahamu Suna, Kabaka wa Buganda. Hesabu hizo hazipatani. Miaka 18 kabla ya 1876 ni 1858, na Suna alikuwa ameshafariki 1856. Emin Pasha naye alikutana na mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim, ambaye alimsimulia jinsi alivyofika kwa Suna miaka ya 1840, jinsi alivyomkemea kwa kuua watu ambao Mungu amewaumba, na jinsi Kabaka alivyoanza kumsikiliza akisoma Kurani. Sir John Gray, katika makala yake ya 1947 kuhusu Mwarabu wa kwanza kufika Buganda, alimhesabu Ahmed huyu kuwa ndiye Hamed wa Kafuro. Utambulisho huo unakubalika, ila unamlazimu msomaji kuchagua: ama Stanley alisikia vibaya miaka, ama Hamed alimwambia kila mgeni umri wa safari zake kwa kadiri mgeni alivyohitaji kuusikia. Historia ya kuingia kwa Uislamu Buganda huanza na simulizi ya mzee huyu, na mzee huyu aliishi Karagwe. Mutesa alipoanza kufunga Ramadhani mwaka 1867, vitabu na walimu waliopita kwa nchi kavu kwenda kwake walikuwa wamepumzika katika bonde lile.

Kutoka bondeni vitu vilipanda pia kwenda kikale. Katika nyumba ya hazina ya Rumanyika, Stanley aliona sanamu 16 za mabata za shaba ya manjano zenye mabawa ya shaba nyekundu, nyingine 10 za wanyama mfano wa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Watafiti wa hazina ya Karagwe, Hamo Sassoon miongoni mwao, wamejishughulisha zaidi na vitu vya chuma, hasa ng'ombe na nyundo za kifalme, kwa sababu uhunzi ulikuwa moyo wa itikadi ya Wahinda. Chuma kilikuwa cha nchi yenyewe. Shaba iliingia Karagwe kwa biashara, na kwa wingi zaidi misafara ilipoanza kuleta masango. Basi ni halali kufikiri kwamba sehemu ya kile kilichovaliwa mikononi au kulipwa kama bei huko bondeni kiligeuzwa na mafundi wa juu kuwa mifugo ya mfalme. Kama ni hivyo, hazina ile ilikuwa na historia ya Kafuro ndani yake kuliko wageni wa Kafuro walivyojua.

Masikio ya pwani

Hakuna maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 yanayotoka kwa mkazi wa Kafuro na ambayo yamekuwa msingi wa utafiti, kama vile maisha ya Tippu Tip yalivyo kwa Manyema, au kama simulizi zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901) zilivyo kwa njia nyingine. Kiswahili cha kituo hiki kinapatikana kwa mzunguko: katika majina ya mahali yaliyoandikwa na Wazungu ambao hawakujua lugha ya Wanyambo, wakasikia kila kitu kupitia vinywa vya wakalimani na wapagazi kama Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa msafara wa Speke.

Burton na Speke wanaandika Weranhanja au maumbo yanayofanana nalo pale ambapo wenyeji wanasema Bweranyange. Wanaandika Usui pale ambapo wenyeji wanasema Rusubi. Tofauti hizi zimepuuzwa kama makosa ya tahajia. Zikitazamwa pamoja zina utaratibu. Katika lugha za eneo hili, Runyambo ikiwamo, sauti inayoandikwa b baina ya irabu haifungwi midomo kabisa. Ni kikwamizo laini cha midomo ambacho Kiswahili sanifu hakina. Sikio la mtu wa pwani, au la Mnyamwezi aliyejifunza Kiswahili njiani, hulisikia kama w au halilisikii kabisa. Hivyo b ya Bweranyange ikamezwa na w iliyoifuata, na b ya Rusubi ikatoweka katikati ya irabu mbili.

Badiliko la pili ni la kimofolojia. Kiswahili kilizipa nchi kiambishi u-: Uganda badala ya Buganda, Unyoro badala ya Bunyoro, Uzinza badala ya Buzinza. Watu wao wakapewa wa- badala ya aba-, na Abanyambo wakawa Wanyambo. Jambo hili linajulikana sana kwa Uganda, ambayo imebeba hadi leo, katika jina la dola, umbo la Kiswahili la karne ya 19. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba umbo hilo lilishatumika njiani kabla ya kufika Buganda, katika vituo ambako misafara ilisubiri, na kituo cha mwisho kikubwa katika njia ya nchi kavu kilikuwa Kafuro. Karagwe yenyewe iliponea. Kiambishi chake ka- kilifanana vya kutosha na majina ambayo Waswahili walikuwa wameyazoea, kwa hiyo wakakiacha.

Ushahidi huu unasema nini kuhusu wasemaji? Matajiri watatu wa Kafuro walikuwa Waarabu wa asili ya Oman. Kiarabu kilikuwa lugha yao ya barua. Lakini mtu anayemwelekeza mgeni njia, anayetaja jina la mto unaovukwa asubuhi, anayejua mtawala wa mbele anaitwaje, ni mpagazi. Wapagazi wa njia ya kaskazini walitoka zaidi Unyamwezi. Majina yaliyoingia vitabuni ni majina kama walivyoyatamka watu ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili au ya tatu. Kwa hiyo pale ambapo historia ya Kiswahili inachora mshale kutoka Zanzibar hadi Ziwa, mshale huo ungepaswa kupinda Tabora na kubadilika rangi. Kiswahili kilichofika Karagwe hakikuwa lahaja ya Unguja iliyosafirishwa ikiwa nzima. Kilikuwa lugha ya kazi, yenye msamiati wa mizigo, chakula, ugonjwa na bei, iliyosemwa na watu waliokutana njiani.

Kuhusu watoto wanne wa Hamed, na wengine wa nyumba jirani, hakuna anayesema lolote. Baba Mwarabu, mama huenda wa Karagwe au wa nchi iliyotekwa, walezi watumwa wa makabila mbalimbali: katika mazingira kama hayo lugha inayounganisha ua mzima huwa ndiyo lugha ya kwanza ya mtoto. Ikiwa walikuwapo watu waliozaliwa katika Kiswahili magharibi ya Ziwa Viktoria kabla ya 1880, mahali pa kwanza pa kuwatafuta ni hapo.

Njia ilipohama

Mji uliowekwa kwa ajili ya njia hauwezi kuishi njia ikiondoka. Hata Rumanyika akiwa hai, Mutesa alikuwa ameanza kutumia mitumbwi yake mikubwa kubeba wafanyabiashara moja kwa moja kutoka Kageyi, pwani ya kusini ya Ziwa, hadi Buganda. Msafara uliopanda mtumbwi uliwakwepa Suwarora wote wa nchi kavu, na ukamkwepa pia yule mkarimu asiyetoza hongo. Ukarimu, uliokuwa sera nzuri dhidi ya jirani mroho, haukuwa na nguvu dhidi ya maji.

Rumanyika alifariki mnamo 1878. Kilichofuata kilikuwa mfululizo wa ugomvi wa urithi ambao uliwamaliza Wahinda wengi na kuuacha ufalme mikononi mwa watoto na walezi wao. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mali, chakula na lugha ya heshima katika nchi ile. Emin alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, mwishoni mwa 1890, kitovu cha eneo zima kilihamia ufukweni. Mamlaka, kodi, misheni na baadaye kahawa ya biashara vyote vilitazama Bukoba, na Karagwe, iliyokuwa mlango, ikawa chumba cha nyuma.

Kihistoria hiki ndicho kipindi kinachopotosha zaidi. Kwa kuwa Kiswahili cha utawala na shule kilikuja Karagwe kutoka Bukoba, yaani kutoka mashariki, kizazi cha wakoloni kilidhani kwamba ndicho cha kwanza kufika, na dhana hiyo imerithiwa. Sehemu kubwa ya maelezo kuhusu Kiswahili mkoani Kagera huanza na karani wa Mjerumani. Karani huyo alikuwa mtu wa mlango wa pili. Wa kwanza ulikuwa umefunguliwa kusini, miaka 40 kabla yake, na ulikuwa umeshafungwa alipofika.

Makazi ya kupangwa yaliendelea kuwekwa katika vilima hivi na watawala waliofuata. Wakimbizi wa Rwanda waliopokewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipewa makazi Nkwenda, ambayo sasa ipo Kyerwa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliwakusanya wananchi katika vijiji. Kila mpango ulikuwa na karatasi yake, na kila mmoja uliuliza tena swali la Rumanyika kuhusu mgeni na mahali pake. Kwa mtafiti wa lugha, mipango hii ya baadaye imefanya kazi kuwa ngumu, kwa sababu kila wimbi la watu lilileta Kiswahili chake na kuyafunika yaliyotangulia.

Hata hivyo, katika maneno ya mkopo kuna uwezekano wa kuzitenganisha tabaka hizo. Sarufi ya Runyambo iliyochapishwa na Josephat Rugemalira mwaka 2005 imeweka msingi wa kifonolojia ambao kazi ya namna hiyo inauhitaji. Tuchukue maneno mawili tu. Kitabu ni ekitabo katika Luganda, na pia katika Kihaya na Runyankore. Irabu ya mwisho o, mahali pa u ya Kiswahili, si jambo ambalo kila lugha ingelibuni peke yake. Kujirudia kwake kunaelekeza kwenye mlango mmoja, na mlango huo unafanana zaidi na Buganda ya wasomaji na wamisheni kuliko na bonde la wafanyabiashara. Bunduki hali yake ni tofauti. Luganda inasema emmundu, Runyankore embundu: neno limekatwa mwisho, na kila lugha imelitia katika kanuni zake za sauti. Bunduki ilifika mapema kuliko kitabu, ikabebwa na watu wengi zaidi, na Karagwe iliiona ikiamua urithi wa kiti cha ufalme kabla Wazungu hawajaonekana. Neno kama hilo, likifuatiliwa kijiji kwa kijiji kutoka Bweranyange kwenda Murongo, na kulinganishwa na maneno ya nguo, ushanga, masango na chumvi, lingeweza kuonyesha ni yapi yaliyopanda kutoka Kafuro na ni yapi yaliyoshuka baadaye kutoka Bukoba.